Nakala Zenye Saini na Namba: Wapi pa Kununua Ukiwa Dodoma

Nimepanga orodha hii kwa kigezo kimoja tu: unaweza kuwa na hakika kiasi gani kwamba mkono wa mwandishi umepita kwenye nakala unayoilipia? Wachapishaji wadogo huchapa toleo maalumu la nakala 50 au 100, kila moja na namba yake, tuseme 17/100, na saini ya kalamu. Saini ikiwa ya kubahatisha, umelipia kitabu cha kawaida bei ya dhahabu.

Nafasi ya kwanza ni uzinduzi wa kitabu. Hakuna kinachoshinda kusimama mbele ya meza ukaona kalamu ikitembea. Amua kabla hujafika: unataka saini tu, au na jina lako pia? Nakala yenye jina la mtu ni ngumu kuuza baadaye, lakini mimi huomba jina, tarehe na neno "Dodoma", maana nanunua ili nibaki nayo. Ukishapewa, usiifunge haraka. Wino wa kalamu ya majimaji huhamia ukurasa wa pili, na doa lile halitoki. Kiache wazi dakika mbili tatu, hata kama foleni inakusukuma.

Ya pili ni kuagiza kwa mchapishaji mwenyewe. Wengi wako Dar es Salaam, na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, unaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni na kitabu mkononi. Kama huendi, piga simu kabla ya kutuma hela. Uliza jumla ya nakala ni ngapi, pamoja na zile za mwandishi ambazo haziuzwi. Uliza idadi hiyo imeandikwa ukurasa gani. Toleo la kweli hutaja hesabu yake ndani ya kitabu. Kisha uliza saini imewekwa juu ya nini, na hapa usikubali jibu la juujuu. Bora kabisa ni saini kwenye ukurasa wa kitabu chenyewe. Inayofuata ni karatasi iliyosainiwa peke yake, halafu ikatiwa ndani wakati wa kujalidi. Ya chini ni kibandiko, kwa sababu kibandiko hubanduka na kuhamia kitabu kingine.

Lipa kwa namba yenye jina la kampuni, si la mtu. Na kama mzigo unakuja kwa basi, omba kadibodi ngumu pande zote mbili. Niliwahi kupokea kitabu stendi ya Nzuguni kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni mtupu, kona mbili zimepondeka, na hapakuwa na nakala nyingine ya kubadilishana. Toleo lilikuwa limeisha.

Ya tatu ni duka la vitabu linalouza nakala zilizosainiwa. Ni salama, mradi muuzaji akueleze zilisainiwa lini na wapi.

Ya nne ni kuagiza nje. Wapo mabingwa wa kazi hii, kama Subterranean Press ya Michigan, Marekani. Kule kuna hata nakala zinazopewa herufi badala ya namba, A hadi Z, yaani 26 basi. Ni kazi nzuri mno, ila jumlisha posta na ushuru kabla hujapenda.

Ya mwisho ni mkono wa pili mitandaoni. Hapo niliumia. Picha ilionyesha saini safi ya bluu. Kitabu kilipofika niliweka lenzi juu yake, nikaona vitone vidogo vidogo vya rangi vimepangana: saini ilikuwa imechapwa mashineni pamoja na ukurasa. Kalamu haina vitone. Huacha mstari mmoja, mzito mahali na mwepesi mahali. Ikiwa ni kalamu ya bolipeni, pitisha kidole nyuma ya karatasi, mara nyingi utahisi mkandamizo wake. Muuzaji akikataa kukutumia picha ya karibu ya saini na ya ukurasa wenye namba, achana naye siku hiyohiyo.

Kikishafika nyumbani, kiweke mbali na dirisha la magharibi. Jua letu la alasiri hupausha mgongo wa jalada, na vumbi la kiangazi hujikusanya juu ya kurasa. Lifute kwa brashi laini kavu, kitabu kikiwa kimefungwa vizuri.