TAHADHARI: Usimwachie mtu sampuli ya spea Grogan. Nimeuziwa masta yangu mwenyewe

Sitaki pole za mtu. Naandika nikiwa na hasira na aibu, na aibu ndiyo imezidi, kwa sababu wengi wenu mnaniita Profesa wa Peugeot na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini. Basi Profesa ameuziwa masta ya breki (ile silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki) iliyotoka kwenye gari lake. Amelipa 13,500. Na akasema asante.

Ile Peugeot 504 ya marehemu mzee wangu mnaijua, na safari ya Kisii mnajua ilikuwa ya nini, sirudii. Tangu 2009 ilikuwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kufikia Jumatano ile kazi kubwa tulikuwa tumeimaliza: tangi limeteremshwa na kuoshwa kutu, kabureta imefunguliwa, paipu za radieta mpya, betri mpya, tairi nne mpya (hizo nilisoma mwenyewe zile tarakimu nne za ubavuni, wiki na mwaka, huko hakuna aliyenidanganya). Injini ilipowaka majirani walitoka nje. Zikabaki breki.

Gari likikaa muda huo wote, mafuta ya breki hunyonya unyevu, kutu ikala ndani ya silinda, na raba zikipita juu ya vile vishimo zinachanika. Fundi wangu aliifungua masta akanimulikia tochi. Ndani ilikuwa na makovu kama uso wa mtu aliyeugua ndui. "Hii hairudi," akasema. "Tafuta nyingine." Nikaifunga kwa gazeti, nikapanda matatu.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipozikwa.

Saa nne asubuhi, Barabara ya Kirinyaga, Grogan yetu, soko la spea la Nairobi. Hujatembea hatua kumi mabroka wameshakushika mkono: mkubwa, unatafuta taa, unatafuta kioo, kuja nikuonyeshe. Hao nawajua miaka yote, nikawapita. Huyu wangu hakunishika mkono. Alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda mbele ya duka la mikanda, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, dastikoti ya bluu, miwani imefungwa kwa uzi, ana chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati. Akatazama gazeti langu linavyovuja, akasema bila kuinuka, "Hiyo ni masta ya 504. Na imekaa sana."

Kipande kilikuwa kimechungulia kwenye gazeti, sasa najua. Wakati ule mimi niliona nabii.

Msiseme sikuchunguza. Nilimjaribu. Nikamuuliza kama mtu anayepiga porojo tu, 504 ilishinda Safari Rally mwaka gani? Akanywa chai kwanza. "Ya kwanza 1975, Ove Andersson, na gari la kawaida kama lako. Ya pili 1978, Nicolas, lakini hiyo ilikuwa ile ya milango miwili yenye injini ya V6." Hata mimi ile ya V6 huwa naisahau. Nikajiambia mtu anayejua hayo hawezi kuwa mwizi. Ndiyo, niliwaza hivyo, kwa maneno hayo hayo, na digrii ninayo.

Akaipokea masta, akaifuta kwa kitambaa, akaipima uzito mkononi, akainusa. Akamwita kijana. "Peleka juu stoo, walinganishe, wasilete ya 404." Nikasema twende pamoja. Akacheka taratibu, si kicheko cha dharau, kicheko cha baba mkwe. "Mkubwa, mwenye stoo akikuona wewe na viatu hivyo, bei inapanda. Kaa hapa unywe chai." Chai akalipa yeye. Nirudie: tapeli alininunulia chai.

Dakika hamsini. Nilikaa kwenye kreti ya pili dakika hamsini nikizungumza na mtu huyu. Aliuliza gari ni la nani, nikamwambia la marehemu mzee. Akavua kofia. Kwa kweli alivua kofia akaiweka gotini, akasema wazee wale walijua kutunza gari, siku hizi watu wanaendesha friji za Kijapani. Mimi, mtu wa miaka 46, macho yakanilowa katikati ya Grogan na mikokoteni inanipita.

Kijana akarudi. Boksi jipya, limechorwa simba, ndani karatasi ya nailoni, ndani ya nailoni masta nyeusi, inang'aa, imepakwa oili. Niliishika. Ilikuwa na joto kidogo. Nikadhani ni jua! Kitu kimetoka stoo, kimefungwa ndani ya boksi, kina joto, na mimi nasema ni jua.

"14,500," akasema, "na hiyo ni kwa sababu ya mzee wako." Nikauliza ile ya zamani iko wapi. Akasema wameitupa kwenye chuma chakavu, lakini kwa haki yangu atanikatia elfu moja. Mnaona? Alinipa punguzo la bei kwa kuniibia. Risiti akaandika, muhuri akapiga, akaandika na "warantii miezi 6" kwa mwandiko mzuri wa kizamani. Tili ilikuwa na shida siku hiyo, basi nikatuma M-Pesa kwa namba yake. Tukaagana kwa mikono miwili.

Nyumbani fundi aliinusa akakunja uso. "Hii imepulizwa rangi jana ama leo." Nilimjibu vibaya, na nimeshamwomba msamaha, lakini wacha niliandike hapa pia: nilimwambia "wewe funga tu, kazi ya kununua ilikuwa yangu." Tukatoa upepo kwenye breki mara mbili, pedali ikawa inashika ukiikanyaga mara ya pili. Akasema haipendi. Tuliizungusha pale mtaani, ikasimama. Mtaani hata baiskeli isiyo na breki husimama.

Ijumaa alfajiri tukaondoka, Mama mbele na chupa yake ya chai, dada na watoto nyuma. Hadi Rironi raha tupu, watu wanatupungia. Tukaanza kushuka mteremko wa Mai Mahiu. Kona ya kwanza sawa. Kona ya pili pedali ikawa laini kama mkate uliolowa. Ya tatu nikakanyaga, mguu ukaenda hadi chini ya sakafu na gari halikusikia lolote. Mbele yangu lori la saruji, nyuma matatu inapiga honi. Nikaipiga gia ya pili, injini ikalia kama inachinjwa, hendibreki nikawa naivuta kidogo kidogo, naachia, navuta. Watoto walikuwa wanaimba. Hawakujua. Mama alijua, nilimsikia anaomba kwa Ekegusii, polepole, bila kunigusa. Tulikuja kusimama karibu na lile kanisa dogo walilojenga mateka wa Kiitaliano mwaka wa 1942, tairi moja mtaroni.

Mama akamimina chai mkono ukitetemeka, kisha akasema, "Baba yako angeshuka na gia ya pili tangu juu."

Fundi wa Mai Mahiu akafungua boneti. Mafuta ya breki hula rangi, na yalikuwa yamevuja kutoka masta njia nzima, kwa hivyo ile rangi nyeusi nzuri ilikuwa inabanduka kama ngozi ya nyoka. Akapangusa kwa kitambaa. Chini yake kulikuwa na alama tatu za panchi, zimejipanga pembetatu.

Mnaokumbuka mkono wa mzee mnajua alama hizo. Kila kitu alichowahi kukifungua alikipiga tatu. Ziko kwenye kabureta, ziko kwenye jeki, ziko hata kwenye sufuria ya Mama. Walichukua masta yangu juu ya ngazi, wakaipiga msasa, thina, rangi nzito, wakaikausha kwenye moto, raba zilezile kuukuu ndani, na wakaniletea kwa boksi. Dakika hamsini zilikuwa za kukausha rangi.

Kisii tulifika kwa matatu, tumechelewa. Yaliyobaki ya siku hiyo si ya hapa.

Jumatatu nilirudi Grogan. Duka la mikanda lina mwenyewe, kijana mpole, anasema yule mzee hukaa tu kwenye kreti yake, yeye alidhani ni mteja wa mama wa chai. Namba: mteja hapatikani kwa sasa. Muhuri wa risiti ukiutazama kwa karibu hausomeki neno hata moja. Polisi nimeandikisha OB, na jina alilonipa siliandiki kwa sababu shemeji amenikataza, na huenda hata hilo lilipulizwa rangi.

Mnauliza dalili. Zilikuwepo: kukatazwa kupanda stoo, harufu ya thina, joto, tili kuwa na shida. Sampuli usiiachie macho hata kidogo, piga alama yako, na ukiweza nenda na picha na vipimo tu. Lakini dalili ni za nini! Mnaniuliza mimi kwa nini sikuona, hamumuulizi yeye kwa nini aliona gazeti la mtu aliyefiwa akaona pesa. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mtoto wa miaka minne. Ningekuwa hakimu, jela singempeleka. Ningempa adhabu moja: aketi kwenye usukani wa 504, masta yake ndani, ateremke kutoka Rironi hadi Mai Mahiu, na mama yake akiwa kiti cha mbele na chupa ya chai. Kijana wa stoo akae nyuma. Na aliyewauzia boksi la simba akae juu ya kerea.

Mkimwona, dastikoti ya bluu, miwani ya uzi, sauti ya upole sana, msimpige. Mnipigie.

Na bado natafuta masta ya 504. Niko tayari kufika Kariobangi, Gikomba, hata Nakuru. Fundi amesema nikienda nibebe sampuli. Sibebi.