Nikon 200-500mm f/5.6: lenzi niliyoipima kwa ndege za pangaboi

Picha ya kwanza niliyoipiga kwa lenzi hii nikaridhika nayo, mpwa wangu aliitazama kwenye kioo cha kamera akaniuliza, "Mjomba, hii injini yake ilizima?" Ilikuwa P-51 Mustang, ndege ya kivita ya pangaboi ya Vita vya Pili vya Dunia, imetupitia imelala ubavu, hata maandishi madogo ya ubavuni yanasomeka. Na mapanga yake manne yametulia tuli kama ya ndege iliyoegeshwa. Nilikuwa nimeweka shata 1/2000, yaani kamera inafunguka kwa sehemu moja ya 2,000 ya sekunde, kwa kuwa kila mtu alinishauri kwamba ndege inakwenda kasi, basi na shata iende kasi. Mtoto aliliona kosa kabla yangu. Picha ilikuwa safi, lakini ndege haikuwa ikiruka.

Nina hii AF-S Nikkor 200-500mm f/5.6E ED VR kwa misimu minne ya maonyesho ya ndege sasa, naitumia kwenye Nikon D500, na yote nitakayosema hapa yanatoka kwenye swali la yule mtoto. Kwa jeti peke yake, lenzi nyingi ndefu zitakufaa. Jeti haina kitu kinachozunguka nje. Unaweka 1/1600, unaifuata, unabonyeza. Ndege za pangaboi ndizo zinazoitoa lenzi kasoro zake zote hadharani.

Kazi yangu ni ukerezaji wa vyuma, kutwa nzima niko mbele ya kitu kinachozunguka, kwa hiyo nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Merlin, injini ya Mustang, ina gia inayopunguza mwendo kabla haujafika kwenye pangaboi, unabaki chini kidogo ya nusu. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, pangaboi linazunguka kama 1,150, yaani 19 kwa sekunde. Kwa 1/2000 panga halisogei hata nyuzi nne. Kwa 1/160 linafagia nyuzi 43, karibu nusu ya nafasi iliyopo kati ya panga na panga, na hapo macho yanaamini kwamba kitu kinazunguka. Ukitaka duara lijae lote, shuka hadi 1/80. T-6 Texan, ndege ya zamani ya kufundishia marubani, ina huruma zaidi: haina gia hiyo, pangaboi lake linakwenda sawa na injini (ndiyo maana inanguruma vile), na 1/250 inatosha. Helikopta ndiyo ngumu kuliko zote. Rota za Chinook zinazunguka mara 225 tu kwa dakika; kwa 1/160 zinasogea nyuzi nane, utadhani zimegandishwa. Kwake nashuka hadi 1/60, na picha nyingi nazipoteza.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye lenzi. Milimita 500 juu ya sensa ndogo ya D500 inakata picha kama milimita 750 kwenye fremu kamili, yaani sensa kubwa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35. Kanuni ya zamani ya kushika kamera kwa mkono, kwamba namba ya shata isiwe chini ya milimita za lenzi, ingenitaka nipige 1/750 au zaidi. Mimi nataka 1/160. Pengo hilo lazima lizibwe na kituliza mtikisiko na kiuno changu, na hapo ndipo hii lenzi iliponifurahisha.

Ubavuni ina swichi yenye NORMAL na SPORT. Nikon wanataja hatua 4.5 za utulivu (kila hatua inakuruhusu kupunguza kasi ya shata kwa nusu), lakini namba hiyo haikuambii tofauti ya hali hizo mbili ukiwa unafuata ndege. Kwenye NORMAL, ninachokiona kwenye kitazamio kinatulia vizuri sana, kinaelea, kisha nikianza kugeuka kinanivuta nyuma kidogo halafu kinaruka, na kati ya fremu na fremu ndege inahama mahali. Kwenye SPORT mtetemo mdogo unauona, ila picha inaufuata mkono. D500 inapiga fremu 10 kwa sekunde. Ndege ikirukaruka kwenye kitazamio kila baada ya fremu, huwezi kuiweka pua mahali pamoja. Tangu nihamishe swichi ile SPORT sijairudisha.

Kiuno nacho kina kazi yake. Nasimama nikielekeza miguu pale ndege itakapokuwa karibu nami kabisa, siyo inakotokea. Nazungusha kiwiliwili kuipokea mbali, viwiko vimebana mbavu, mkono wa kushoto uko chini ya lenzi mbele kabisa, kisha najifungua taratibu kadiri inavyokuja. Inapofika mbele yangu mwili umenyooka, hauna mkazo, na hapo ndipo ninapobonyeza. Nikiachia kitufe naendelea kugeuka. Wengi huganda mara tu wanapomaliza kupiga, na fremu za mwisho zote zinaharibika. Nikipiga fremu 40 katika mpito mmoja kwa 1/160, zikibaki tano nzuri siku yangu imekamilika.

Uzito unausikia kufikia saa ya tatu ya onyesho. Ni kilo 2.3 pamoja na pete ya tripodi. Ivue pete hiyo, sikuwahi kuihitaji mbele ya ndege hata siku moja, na gramu 210 zinaondoka. Ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga haubadiliki kwenye urefu wote, f/5.6 kutoka 200 hadi 500, jambo ambalo nalithamini jioni mwanga unapokwisha. Kwenye 500 wazi kabisa ukali unalegea kidogo pembezoni, f/8 unakaza.

Zumu yake ndiyo nisiyoipenda. Pete ina safari ndefu kutoka 200 hadi 500, kiganja hakiimalizi kwa mzungusho mmoja, na ukijaribu kuigeuza ndege ikiwa mbele yako unaharibu mwendo wa kiuno. Kwa hiyo nachagua mapema: kundi la ndege nne naliwekea karibu na 250, ndege moja 400 na kitu, na sigusi tena mpaka mpito uishe. Fokasi nayo siyo ya haraka kama ya lenzi kubwa zisizo na zumu. Kwa ndege inayopita ubavuni inatosha kabisa. Jeti ikija uso kwa uso inaachwa nyuma mara nyingine. Swichi ya kuibana fokasi ianzie mita 6 iwe imewashwa muda wote, la sivyo ikipoteza ndege angani itasafiri mpaka karibu na pua yako kabla ya kurudi.

Kuna jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Saa sita mchana, jua kali, ISO 100 (wepesi wa sensa kupokea mwanga), shata 1/160: tundu linajibana lenyewe hadi f/13, maana namba ya f ikikua tundu linapungua. Kwa tundu dogo vile kila chembe ya vumbi iliyo kwenye sensa inajichora angani kama doa la kijivu, na mbingu ya bluu haifichi kitu. Nimekaa usiku mzima nikifuta madoa. Safisha sensa siku moja kabla. Kichujio cha polaraiza, kioo cha kuweka mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga na mng'ao, kinarudisha tundu karibu na f/8, lakini mdomo wa lenzi hii ni milimita 95, vichujio vyake havipatikani kirahisi, na cha kwanza nilichonunua kilikuwa kioo hafifu kilichonipa kingo mbili kwenye kila bawa. Isitoshe polaraiza huchora rangi za upinde wa mvua kwenye kioo cha chumba cha rubani. Wapo wanaozipenda. Mimi zinaniudhi, kwa sababu ninataka kumwona mtu aliye ndani.

Na usiilaumu lenzi kwa mazigazi. Mchana, ndege ikiwa chini kwenye njia ya kurukia, hewa ya moto inaichezesha kama iko chini ya maji, na hakuna milimita wala kituliza mtikisiko kitakachoinyoosha. Weka kamera chini, kunywa maji, subiri jua lipungue.

Mwenye kamera ya Z, zile za Nikon zisizo na kioo cha ndani, nisingemwambia achukue hii. Nikon ilitoa 180-600mm mwaka 2023, hairefuki unapozungusha zumu, na pete yake ina safari fupi. Lakini mwenye D500 au D850 asihangaike. Avue pete ya tripodi, asukume swichi kwenye SPORT, aache jeti zipite, aanze na T-6 kwa 1/250. Akizoea, ashuke 1/160, kisha amsubiri Mustang.