Nilipeleka ufa, nikarudishiwa filimbi nyingine

Wenye shakuhachi, ile filimbi ya mwanzi ya Kijapani, mnaoishi Japani, jihadharini na fundi anayejiona anajua filimbi yako ilie vipi kuliko wewe unayeipuliza.

Yangu ni ndefu, ya 2.4, yaani shaku 2.4, shaku moja ikiwa kama sentimita 30. Ilipasuka majira ya baridi. Hita hukausha hewa ya chumbani na mwanzi mkavu hauna simile. Nikaipeleka kwa fundi mmoja huku Kansai, upande wa Osaka na Kyoto, aliyesifiwa mno. Kazi yenyewe inajulikana: kuziba ufa, kuchonga vijifereji kuzunguka mwanzi na kukaza uzi humo. Nikamwambia waziwazi, "Mzee, ndani usiguse."

Ndani ndiko uliko uhai wake. Ni jinashi, mwanzi mtupu, haijakandikwa ule unga wa mawe uliochanganywa na urushi, utomvu wa mti unaokauka kama vanishi, ambao mafundi hutumia kusawazisha tundu. Pingili zimebaki na vituta vyake, pumzi inajikwaa humo, na ukipuliza polepole noti ya chini kabisa (ile "la" ya do-re-mi), unasikia kwanza upepo, ndipo sauti inajitokeza nyuma yake. Ya 1.8 haikupi hilo. Inaanzia re, inaitika upesi, inasimama na koto na shamisen, ala za nyuzi za huku, bila kumezwa. Ya 1.6 ni kali zaidi, inamfaa mwimbaji wa nyimbo za kienyeji mwenye sauti ya juu. Nazipenda zote. Ila honkyoku, tungo ambazo watawa wa komuso walizipiga kama ibada hadi serikali ilipoyafuta madhehebu yao ya Fuke mwaka 1871, mimi nazitaka kwenye ndefu. Vidole vinatanuka hadi kiganja kinauma, na sijawahi kujuta.

Basi nikaipokea, nikapuliza. Noti ya chini ikatoka kavu, safi, haina upepo hata chembe. Nikamulika tochi. Imekandikwa! Inang'aa toka juu hadi chini, vituta vyote vimefunikwa. Kumuuliza, akanijibu bila hata kuinua macho, huku anafuta kisu chake, kwamba sasa inakubaliana na piano, na sisi wageni huwa hatujui tunachokitaka. Juu ya hayo akadai pesa ya nyongeza.

Haki yake nimpe: ufa ameuziba vizuri. Uzi umelala sawasawa, ukipitisha kidole hutahisi kitu. Na oktava ya juu iliyokuwa ikinitoa jasho sasa inaitika yenyewe. Wenzangu wa mazoezi wanasema imekuwa bora kuliko zamani, na kwa kupigia na koto huenda wanasema kweli. Nilikuwa tayari kumpa nyota tatu.

Lakini nani alimtuma? Zamani nikiinamisha kidevu kushusha noti, sauti ilififia na kugeuka rangi, ikawa nzito, kama mtu anayeongea akiwa amezuia kilio. Sasa inashuka tu, basi. Na kukandika ni rahisi kuliko kubandua; fundi mwingine niliyemwonyesha alitikisa kichwa, akasema akikwangua anaweza kula na mwanzi wenyewe.

Kama una ya 1.8 ya kupigia na wenzako, labda mpelekee, mradi umwandikie kwenye karatasi atakachofanya na asichofanya. Hapana, nafuta hilo. Hata hiyo usimpelekee. Aliambiwa asiguse, akagusa, akatoza, na mpaka leo hajasema samahani.