Neno la Siku kwenye simu: linamfaa anayepitia magumu?

Programu nyingi za Biblia zina huduma hii: kila siku, saa uliyoichagua, arifa inalia na mstari mmoja unatokea kwenye skrini. Mtu ambaye magumu yamemmaliza nguvu hata ya kufungua kitabu, mstari unaombishia hodi ni msaada wa kweli kwake. Tunaipenda huduma hii na tunashauri itumike. Ila ina kasoro moja kubwa: inakupa ahadi na kuiacha nyuma miaka ya kuingoja.

Chukua Yeremia 29:11, mstari usiokosa kwenye huduma hizi. Aliyepoteza kazi juzi akiusoma peke yake, anaelewa kwamba mwezi ujao mambo yatanyooka. Sasa gusa mstari huo, sura nzima ifunguke. Mstari wa 10 unataja miaka 70 ya Babeli, maana yake wengi wa Wayahudi waliochukuliwa mateka huko, ambao Yeremia aliwaandikia maneno haya kwa barua, wangezikwa ugenini. Mstari wa 5 hadi wa 7 unawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, na wauombee mji uleule walikopelekwa mateka. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa, maana Mungu anasema "ninyi", hasemi "wewe". Kusudi lake lilikuwa la watu wote wale, pamoja na watoto ambao hawajazaliwa. Ahadi haipungui ukiisoma hivyo. Inakuwa na uzito wa kumbeba mtu ambaye jibu lake limechelewa.

Kwenye Ayubu kasoro hii inaumiza zaidi. Ayubu 8:7, ule wa mwanzo mdogo na mwisho mkubwa, watu huutuma kama baraka. Aliyeusema ni Bildadi, mmoja wa rafiki za Ayubu, na mistari mitatu kabla yake amemdokezea Ayubu kwamba watoto wake, wote 10, walikufa kwa dhambi zao. Katika 42:7 Mungu mwenyewe anasema Bildadi na wenzake hawakunena yaliyo sawa. Kwa hiyo mstari wowote wa Ayubu kati ya sura ya 3 na ya 37, kabla hujaushika wala kuutuma, rudi juu mwanzo wa sura, au sura za kabla yake kama msemaji hatajwi hapo, uone nani anasema. Kazi ya nusu dakika.

Namna ya kuipanga. Ingia kwenye mipangilio, kisha arifa, uondoe saa iliyowekwa na programu. Mara nyingi ni asubuhi, wakati mtu yuko mbioni, na arifa inafutwa pamoja na nyingine. Weka saa ambayo una dakika 10 za kukaa. Pakua tafsiri kwenye simu ili bando likiisha usikwame, na ukiweza uwe na mbili: ile ya Union Version ya 1952 kwa uzito wa maneno, na nyingine ya Kiswahili cha leo kwa kuelewa haraka. Mstari ukifika, soma sura yote, ndipo upake rangi. Kwenye sehemu ya maelezo andika tarehe na ombi lako kwa sentensi moja tu. Ukiandika marefu utaacha baada ya siku nne.

Sehemu ya mipango ya kusoma inafaa kuliko mstari wa siku wenyewe. Kwa habari ya kusudi la Mungu, anza na Mwanzo 37 hadi 50, sura moja kwa siku, wiki mbili. Yusufu anaingia akiwa na miaka 17, anasimama mbele ya Farao akiwa na 30, na maneno yake mazuri kuhusu kusudi la Mungu hayatokei mpaka 45:5-8, na tena 50:20. Hakuyasema akiwa shimoni, alikotupwa na ndugu zake. Anayekwambia uyaseme leo, ukiwa bado humo, anakudai zaidi ya alichodaiwa Yusufu.

Aliyefiwa karibuni tunamshauri azime arifa kabisa kwa wiki za kwanza. Huduma hizi huchagua mistari ya furaha na ushindi, na Zaburi za kulia hufika kwa nadra tu. Zifungue mwenyewe: ya 13 ina mistari 6 na inauliza "hata lini" mara nne, ya 88 inaishia gizani, bila shukrani ya mwisho, na bado ni sala iliyomo kwenye Biblia. Kama macho hayasomi kwa machozi, washa sauti, programu nyingi zinayo.

Kitufe cha kutuma kwa wengine ndicho kinachohitaji uangalifu kuliko vyote. Warumi 8:28 ni kweli tupu, lakini ikimfikia mama aliyemzika mwanawe jana inasikika kama amri ya kunyamaza. Paulo mwenyewe alitanguliza mstari wa 26, Roho akiomba kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Tuma huo kwanza, au nenda ukakae naye. Na siku utakapoutuma wa 28, ambatisha wa 29, kwa sababu ndio unaosema hayo mema ni yapi: kufananishwa na Mwana wake.