Lenzi ya bei nafuu ya 50mm f/1.8: inadumu? Uzoefu wangu wa miaka mitano

Kila nikiitoa lenzi hii mkobani, mtu ataishika na kuuliza: "Mbona nyepesi hivi? Itadumu kweli?" Nami nilijiuliza hivyo hivyo kabla ya kuinunua. Gamba lote ni plastiki. Pete ya fokasi, ile ya kuifanya picha iwe kali, ni nyembamba, unaizungusha kwa ncha za vidole viwili. Ukiitikisa karibu na sikio, unasikia kitu kikicheza ndani kwa mbali. Hakuna kinachokupa moyo kwamba hiki ni chombo cha kazi.

Nimeshakuwa na lenzi mbili za aina hii kwa muda wa miaka mitano, zote milimita 50 (urefu wa fokasi, unaoamua kitu kionekane karibu kiasi gani), zote f/1.8 (kipimo cha uwazi unaopitisha mwanga: namba ikipungua, uwazi unapanuka), zote za bei ya chini kabisa. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ninayo mpaka leo. Jibu langu ni kwamba inadumu, mradi ujue udhaifu wake uko wapi, na wengi wanautafuta mahali ambapo haupo.

Wengi hugeuza lenzi na kutazama kitako, pale inapofungwa kwenye kamera. Wakiona plastiki badala ya chuma, wanakata tamaa. Hofu hiyo imeanza zamani. EF 50mm f/1.8 ya kwanza ya Canon, ya mwaka 1987, ilikuwa na kitako cha chuma. Toleo la pili lilitoka 1990 likiwa na kitako cha plastiki na uzito wa gramu 130 tu, na chuma hakikurudi hadi toleo la 2015, lile linaloitwa STM kwa jina la aina ya mota yake. Zangu si za Canon, lakini ya kwanza nayo ilikuwa na kitako cha plastiki. Niliivua na kuivisha karibu kila siku ya kazi kwa miaka miwili. Kingo zake zilibadilika rangi kidogo, zikang'aa kwa kusuguliwa, basi. Haikulegea, haikucheza. Ukifikiria, ni jambo la kutarajia: lenzi yenye uzito wa machungwa mawili madogo haina mzigo wa kukisumbua kitako chake. Plastiki ingenipa wasiwasi kwenye lenzi ndefu nzito, si hapa.

Udhaifu uko mbele, kwenye pua. Katika lenzi nyingi za daraja hili, kamera inapotafuta fokasi, fungu zima la vioo husogea mbele na nyuma, kwa hiyo bomba la mbele hutoka nje kidogo. Bomba hilo limeshikwa na vitu vidogo sana: mfereji wa plastiki, gia nyembamba, vishikizo viwili vitatu. Lenzi ikigongwa ubavuni, gamba linaubeba mshtuko. Ikigongwa puani, mshtuko wote unaishia kwenye gia.

Ndivyo nilivyoipoteza ya kwanza. Nilikuwa nimechuchumaa nikibadilisha lenzi, mkoba uko wazi, nikainuka bila kuvuta zipu. Ikadondoka kutoka usawa wa goti hadi kwenye sakafu ya saruji, pua ikatangulia. Haikutoa mlio mkubwa, ulikuwa kama wa kalamu inayoanguka. Nilipoiinua ilikuwa vipande viwili: mkononi nina kitako na duara lenye saketi, na ile nusu yenye vioo iko sakafuni, vioo vyenyewe vizima bila mkwaruzo hata mmoja. Niliitazama kwa karibu nikaona vishikizo vitatu vya plastiki, kila kimoja kama ukucha wa mtoto, kimoja kimekatika. Nikazipanga nusu mbili na kusukuma, ikaitika "tak", ikashikana. Nikaiweka kwenye kamera na fokasi ikafanya kazi.

Wiki moja nzima niliamini imepona. Kisha nikaanza kuona kitu kwenye picha za watu waliojipanga mstari: wa kushoto wako wazi, wa kulia wamefifia kana kwamba wamesimama nyuma ya pazia jepesi. Nikabandika ukurasa wa gazeti ukutani, nikaweka kamera kwenye stendi sambamba na ukuta, nikapiga kwa f/1.8, f/2.8 na f/5.6. Kushoto nilisoma kila herufi. Kulia, hata kwenye f/2.8, maandishi madogo yalikuwa ukungu. Vioo vilikuwa vimepoteza mstari wake, na hilo halirekebishiki nyumbani. Fundi niliyempelekea alinieleza ukweli kwamba gharama ya kuipima na kuipanga upya ingekaribia bei ya lenzi mpya. Hili nalo lihesabu kabla hujanunua: lenzi hizi ni nadra kutengenezwa. Zikiharibika ndani, unanunua nyingine.

Nilinunua nyingine wiki ile ile, na sikusita, kwa sababu ya mwanga. Zumu inayokuja na kamera, yaani lenzi ya kuvuta kitu karibu au mbali, ukiivuta hadi mwisho, uwazi wake mkubwa huwa f/5.6. Kutoka hapo hadi f/1.8 ni karibu mara kumi ya mwanga. Ukumbini usiku, mahali ambapo zumu inanidai nipokee mwanga kwa sekunde 1/10 na kila anayecheza anatoka ukungu, hii inanipa 1/100 kwa ISO ile ile (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Hakuna kamera mpya inayoweza kuninunulia tofauti hiyo kwa bei hii.

Wala usidhani bei ni ndogo kwa sababu vioo ni vibovu. Lenzi nyingi za 50mm f/1.8 zimejengwa kwa mpango unaotokana na lenzi ya Planar, ambayo Paul Rudolph aliibuni akiwa kwenye kampuni ya Zeiss mwaka 1896: vioo vichache, mara nyingi sita, vikiwa vimepangwa karibu ulinganifu pande mbili za uwazi. Ni mpango unaojulikana kwa zaidi ya karne, hauhitaji vioo vya ajabu. Kilichopunguzwa kufikia bei hii ni gamba, mota na mihuri ya kuzuia vumbi na maji. Kwa hiyo mvua ikianza, yangu inaingia mkobani kabla ya kitu kingine chochote, na ikilala inalala na vipakiti vya kukausha unyevu. Kuvu ikishaota juu ya kioo inaweza kula hadi rangi ya kinga.

Kuna malalamiko ninayoyasikia sana ambayo si kosa la uimara: "Lenzi yangu haikamati fokasi vizuri." Ukifungua hadi f/1.8 kwenye kamera ya sensa ndogo (sensa ni kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) na kumpiga mtu aliye umbali wa mita moja, kina cha eneo lililo wazi ni sentimita tatu hivi. Kope zitakuwa wazi na sikio litakuwa limeyeyuka. Mtu akipumua na kusogea mbele kidogo, umemkosa. Funga hadi f/2.5 au f/2.8 ujaribu tena kabla ya kuirudisha. Mimi f/1.8 ninaitumia giza likinilazimisha. Picha za uso ninazopenda karibu zote ni za f/2.8.

Fokasi yenyewe ni polepole na ina sauti, na gizani wakati mwingine huenda na kurudi bila kukamata. Siku zote huwa natafuta ukingo wenye rangi mbili zinazopingana, kola ya shati kwa mfano, nakamata hapo. Jambo moja linaloua lenzi hizi kimyakimya ni kuzungusha pete kwa mkono huku swichi iko kwenye fokasi ya kamera. Kwenye lenzi za bei ya juu mara nyingi hakuna neno. Kwenye nyingi za hizi, unazungusha gia kinyume na mota, na meno ya plastiki hayana ustahimilivu huo. Geuza swichi kwanza, kila mara.

Ukinunua iliyotumika, ambalo ni jambo la busara tu, ipitishe tochi kutoka nyuma uone kama kuna nyuzi za kuvu ndani. Shika pua kwa vidole viwili uisukume taratibu kulia na kushoto. Mchezo mdogo ni wa kawaida, lakini isiegemee upande mmoja. Kisha dai kupiga ukurasa wa gazeti. Muuzaji akikataa jaribio la dakika mbili, mwachie lenzi yake.

Kwa mtu anayefanya kazi kwenye mvua, mchanga au vurugu za uwanjani kila siku, sitamshauri. Kwa wengine wote, nunua, na siku hiyo hiyo nunua hudi, ile kola ngumu ya kuzuia jua inayofungwa mbele ya lenzi. Si kwa ajili ya jua pekee. Tafuta ile inayojifunga kwenye gamba lisilosogea na kuikinga pua yote, si ile inayojifunga kwenye pua yenyewe, kwa sababu hiyo inapeleka kila kipigo moja kwa moja kwenye gia.

Ya kwangu ya pili inaingia mwaka wa tatu sasa. Imeshagonga ukingo wa meza, fremu ya mlango, na mara moja ilianguka kutoka kitini. Hudi ilipasuka, nikaweka nyingine. Jana usiku nilibandika gazeti ukutani tena, na kona zote nne zinasomeka.