Microsoft Network Client 3.0 kwenye MS-DOS 6.22: uzoefu wangu baada ya kuiweka kazini

Wakuu, hii klaienti ya kuunganisha DOS na mtandao nimeiweka kwenye kompyuta ya karakana ya mbao ya jamaa yangu na sasa inapiga mzigo kila siku, kwa hiyo naandika nilichokiona ili mwenye mashine ya zamani asihangaike. Kompyuta yenyewe ni 486, MS-DOS 6.22 ile ya 1994, na kazi yake ni moja tu, kusukuma mafaili ya kuchonga kwenye mashine ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) kupitia waya wa siriali. Programu ya kusukumia ni ya DOS, mashine imezoeana nayo, ukitaka kubadilisha inabidi ununue kontrola nyingine na hela hiyo hamna. Shida ilikuwa flopi. Mpya siku hizi kuzipata ni shughuli, za zamani zimeota ukungu, fundi ameshafunga mbao mezani halafu DOS inamwambia haisomi diski. Na faili likizidi MB 1.44 ndo haliingii kabisa, unaanza kulikata vipande.

Klaienti inakaa kwenye flopi mbili tu. Mwenye CD ya Windows NT Server 4.0 anayo tayari, angalia folda ya CLIENTS ndani yake kuna MSCLIENT.

Kadi ya mtandao nashauri 3Com EtherLink III, 3C509B ya sloti ya zamani ya ISA, kwa sababu draiva yake imo humo humo ndani ya klaienti. Ila usikimbilie kuinstall. Kwanza buti DOS tupu bila EMM386 (programu ya DOS ya kusimamia memori), endesha programu ya setingi ya kadi, zima Plug and Play (kadi kusubiri kupangiwa namba), halafu ifunge kadi kwenye anwani 300 na IRQ 10 (namba ambayo kadi inaitumia kuita prosesa) au IRQ yoyote iliyo wazi. Ukiiacha Plug and Play DOS haina wa kuigawia hizo namba na utakaa unalaumu waya. Kadi ni ya 10 Mbps lakini swichi za kisasa nyingi bado zinaipokea fresh, hata za gigabiti.

Setup yenyewe ni skrini ya bluu, inauliza jina la mashine, kadi, unachagua, inaisha. Hapa ndo pa kuwa makini. Protokali, yaani lugha ya mtandao, inayokuja imeshachaguliwa ni IPX, na inaeleweka, enzi zile maofisi mengi yalikuwa na NetWare ya Novell. Sasa hivi IPX ya nini? Ingia kwenye setingi za mtandao, ongeza TCP/IP, ile ya intaneti, itoe IPX, yaani usiziache zote mbili maana kila moja inakula memori yake. Halafu anwani ya IP, jamani hii ishike: kwenye faili la setingi PROTOCOL.INI anwani haiandikwi kwa nukta, inaandikwa kwa nafasi. Yaani IPAddress0=192 168 1 50 hivyo hivyo, na SubNetMask0=255 255 255 0 nayo hivyo hivyo. Mtu aliyezoea nukta ataziweka tu bila kufikiria, na mtandao utagoma. Ukitaka isiwe ya kubahatisha kila siku weka DisableDHCP=1 uipe anwani ya kudumu, mimi ndo nilivyofanya.

Sasa memori. Hapa ndipo penye vita yote na ndipo unapojua kama klaienti itakufaa au haitakufaa. DOS inahesabu ile 640 KB ya chini, na kila kitu kinachokaa mle kinapunguza nafasi ya programu yako. Kabla ya klaienti amri ya MEM ilikuwa inaonyesha zaidi ya 600 KB ziko wazi, nilipoweka TCP/IP pamoja na redirekta kamili (kile kipande kinachofanya folda ya seva ionekane kama diski) ikashuka chini ya 500 na programu ya kuchonga ikakataa kufunguka, inalia memori haitoshi. Dawa iko sehemu mbili. Ya kwanza, kwenye setup chagua redirekta ya kawaida, Basic, badala ya Full. Full unaihitaji kama unalogin kwenye domeini ya NT na mambo kama hayo, ila kama shida yako ni kufungua folda ya seva tu Basic inatosha kabisa. Ya pili, CONFIG.SYS iwe na HIMEM.SYS, EMM386.EXE NOEMS na DOS=HIGH,UMB ili vitu vihamie juu ya ile 640 KB, halafu endesha MEM /C /P uone nani amekaa wapi. Baada ya hapo programu ikafunguka bila kelele. Na kama una programu nyingine inayotaka memori yote, DOS 6 ina menyu ya kubuti, unaandika [MENU] kwenye CONFIG.SYS na kuwa na machaguo mawili, na mtandao au bila mtandao, unachagua wakati wa kuwasha.

Upande wa seva nimetumia Raspberry Pi (kompyuta ndogo) yenye Samba, programu ya kushea mafaili kwa SMB, lugha ya Windows ya kushea folda. Samba tangu toleo la 4.11 la 2019 imezima SMB1, toleo la zamani la lugha hiyo, kwa kawaida, na hii klaienti inaongea lugha ya zamani kuliko hata hiyo, kwa hiyo kwenye smb.conf lazima uandike server min protocol = LANMAN1 na lanman auth = yes, kisha paswedi ya yule yuza uiweke upya kwa smbpasswd ndo ikubali, na isizidi herufi 14. Ukiona Error 5 ni mambo ya paswedi au ruhusa. Ukiona Error 53 ni kwamba jina la seva halionekani, hakikisha nmbd (sehemu ya Samba inayoshughulikia majina) inatembea kwenye Pi. Jina la folda unayoshea liwe fupi, herufi nane mwisho. Na majina ya mafaili vile vile, ukimpa DOS faili lenye jina refu Samba inalifupisha kwa herufi za ajabu ambazo fundi hawezi kujua lipi ni mlango lipi ni kitanda.

Ila tafadhali sana, hii SMB ya zamani msiiache wazi kwenye intaneti wala kwenye mtandao wa ofisi nzima. Kirusi cha WannaCry cha 2017 kilipita humo humo kwenye SMB1. Mimi Samba inasikiliza upande wa waya tu, na kwenye huo waya kuna Pi na ile 486 basi, mafaili yanaingia kwenye Pi kwa SFTP (njia salama ya kutuma mafaili) kupitia Wi-Fi.

Baada ya NET USE F:, amri inayoipa folda ya seva herufi F:, kukubali, nikatengeneza faili dogo linaitwa LETA.BAT, ndani kuna COPY F:\*.NC C:\KAZI basi. Fundi anaandika LETA anagonga enter, kazi zote za leo zinashuka kwenye diski ya ndani, ndo anachonga. Kuchonga moja kwa moja kutoka F: sishauri, mtandao ukisita kidogo katikati ya kazi mashine inasimama na kisu kiko ndani ya mbao.

Wengine wataniuliza mbona sikutumia mTCP, programu za mtandao za DOS za Michael Brutman. Naipenda na naitumia kwenye mashine yangu ya nyumbani, ni ya bure, inakula memori kidogo mno kwa sababu kinachobaki mle ni paketi draiva (draiva ya kadi ya mtandao) tu, na FTP yake ya kuhamisha mafaili ni ya uhakika. Lakini haikupi folda ya seva kama herufi ya diski ambayo COPY ya DOS inaielewa, unaingia kwenye FTP, unalogin, unaandika get. Kwa mimi sawa. Kwa fundi mwenye vumbi mikononi na mteja amesimama mlangoni, F: ina thamani kuliko hizo KB zote nilizopoteza. Naipa nne kwa tano, na ile moja imeliwa na memori.

Ukishamaliza kopi folda ya C:\NET pamoja na CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT uziweke pembeni. DOS haina rejista, klaienti yote iko humo. Diski ya zamani ikifa unafunga kadi ya CompactFlash yenye adapta ya IDE, unaweka DOS, unarudisha hivyo vitu, unabuti na F: inatokea.