Rejeta ya Land Rover 109: ipi ununue, ipi uiache dukani

Land Rover 109 ikianza kuchemsha mlimani, jibu la gereji ni moja: nunua rejeta. Inawezekana. Ila tangulia na kifuniko chake, maana bei yake ni ndogo na ndicho watu hukosea zaidi. 109 ya Series III (toleo la tatu la Land Rover hizi za zamani) yenye injini ya silinda nne, lita 2.25, hutumia kifuniko cha psi 9, psi ikiwa ni kipimo cha presha. Vile vya gari za Kijapani vilivyojaa madukani huandikwa 0.9 au 1.1, kwa kipimo kingine cha presha. Mtu akiona 0.9 anadhani kapata tisa yake, kumbe hiyo ni psi 13 hivi, na rejeta ya miaka arobaini iliyoungwa kwa risasi huanza kuvujia kwenye maungio. Kifuniko kilichochoka nacho kina hasara yake. Mbeya, kwenye mita 1,700 na ushee, maji yasiyo na presha huchemka nyuzi 94 hivi. Psi 9 zikishikilia, yanafika karibu 110.

Ukishajiridhisha na kifuniko, feni, mkanda wake na hosi, na injini bado inachemsha, huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza ni rejeta yako mwenyewe, iwekwe kiini kipya: fundi anabakiza matangi ya juu na chini ya shaba, anatoa mirija na mapezi ya katikati, anaunga mengine. Itarudi kwenye fremu yake bila kutoboa tundu jipya, na ikivuja safarini, fundi yeyote mwenye kifaa cha kuchomelea risasi ataiziba. Kabla hujamkabidhi, hesabu safu za mirija, kwa sababu wapo wanaorudisha kiini chenye safu pungufu kwa bei ileile. Siku ya kuchukua, omba ipimwe mbele yako. Anaziba midomo kwa mpira, anajaza upepo, anaizamisha kwenye pipa la maji, nawe unatazama povu. Msisitize upepo usipite sana psi 10. Wakiachia kompresa yote, watapasua walichotoka kuunga.

Ya pili ni mpya ya shaba yenye vipimo vya Series III. Ni nzuri, ni ghali, na mara nyingi huagizwa Uingereza, kwa hiyo piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujafurahia bei ya tovuti.

Alumini naiweka ya tatu, ingawa vijana wa magari ya mashindano watanipinga. Ni nyepesi, na ikitengenezwa vizuri inapoza sana. Tatizo ni sisi na maji yetu. Alumini ikijazwa maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi Dar, huliwa taratibu kutoka ndani, na ikitoboka, kuichomelea kunahitaji mashine ambayo huikuti kila mji. Ukiichukua, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu.

Rejeta ya mtumba ya gari jingine, yenye matangi ya plastiki, ni ya nne. Plastiki ikipata ufa ndiyo basi, na vyuma vya kuilazimisha ikae vitaiweka mbali na feni, upepo upite pembeni.

Unga wa kuziba uvujaji hauingii kwenye orodha yangu. Unaziba tundu moja na mirija mizima pamoja nalo.

Kwa rejeta za shaba, nunua kulanti ya kijani ya aina ya zamani. Hizi za rangi ya chungwa za magari mapya zinalalamikiwa kwa kula risasi. Tena usiiache wazi watoto au mbwa wakiifikia, ni tamu na ni sumu.

Na thamostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta, usikubali ing'olewe "ili maji yapite vizuri". Injini hii ina njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye pampu, na thamostati sahihi huifunga ikishafunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Zipo za nyuzi 74 na 82. Ya 82 inatosha hata Dodoma. Kabla ya kuifungia kwenye injini, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Ikigoma kufunguka hadi maji yanatokota, irudishe dukani.